Mkono Hupima Kabla ya Akili: Tunavyochagua Bidhaa za Malighafi Endelevu

Mswaki wangu wa mwanzi ulipochakaa, sikuutupa mara moja. Niliuweka mezani, nikachukua koleo dogo, nikaanza kung'oa nyuzi zake fungu moja baada ya jingine, kwa sababu nilikuwa nimesoma kwamba mpini wake huoza ukizikwa ardhini lakini nyuzi zake haziozi. Kila fungu lilipotoka lilikuja na kipande chembamba cha chuma, kifupi kuliko upana wa kucha, ambacho ndicho kilichokuwa kimelibana ndani ya tundu lake. Baada ya robo saa nilikuwa na rundo dogo la nailoni, vipande kadhaa vya chuma, na mpini wenye weusi wa ukungu upande wa chini, pale ulipokuwa ukisimama ndani ya glasi yenye unyevu. Ukungu huo ndio ulionifanya niuache mswaki huo mapema kuliko mswaki wowote wa plastiki niliowahi kuutumia.

Boksi lake nilikuwa bado ninalo. Lilikuwa la karatasi ngumu ya rangi ya kaki, lisilong'aa, lenye mchoro wa majani, na mbele yake paliandikwa kwa herufi kubwa kwamba mswaki huo ni wa mwanzi. Nyuma, kwa herufi ndogo, paliandikwa kwamba nyuzi zake ni za nailoni. Maelezo yote yalikuwa ya kweli, na nilikuwa nimeyashika mkononi siku niliyoununua. Sikuyasoma kwa sababu mkono ulikuwa umeshaamua: uliugusa ule mpini mkavu usioteleza, ukatambua kwamba ni mti, na akili ikamalizia yaliyobaki kwa kujiambia kwamba nimeachana na plastiki. Tangu wakati huo nimekuwa nikifuatilia namna sisi wanunuzi tunavyozitazama bidhaa zinazoitwa endelevu na tunavyozichagua, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kuamini jambo moja: tunachokipima dukani ni sura ya malighafi, ilhali uzito wake kwa dunia umo katika maisha yake, yaani ilikotoka, ilivyotengenezwa, muda itakaotumika na mahali itakapoishia.

Mfano ulionifungua macho zaidi ni utafiti uliochapishwa mwaka 2023 na Tatiana Sokolova, Aradhna Krishna na Tim Döring katika jarida la Journal of Consumer Research. Waliwaonyesha watu bidhaa iliyofungwa kwa plastiki, na bidhaa hiyohiyo iliyofungwa kwa plastiki ileile kisha ikaongezewa karatasi. Kwa hesabu ya kawaida kifungashio cha pili kina takataka nyingi zaidi, kwa kuwa plastiki yake haikupungua hata kidogo. Hata hivyo watu walikiona hicho cha pili kuwa ndicho rafiki zaidi kwa mazingira. Watafiti hao wanaeleza kwamba tunabeba vichwani imani fupi, kwamba karatasi ni njema na plastiki ni mbaya, kisha tunapima uwiano mahali pa wingi: karatasi ikiongezeka, plastiki inaonekana kuwa sehemu ndogo ya kitu chote, ingawa ipo palepale. Kinachotia moyo ni kwamba kibandiko kinachoeleza kuwa kifungashio kimepunguzwa kilisaidia kuirekebisha hukumu hiyo. Watu hao hawakuwa wagumu wa kuelewa. Walikuwa wamekosa mtu wa kuwaambia kwamba kilichokosekana kwenye kifungashio nacho kinahesabiwa.

Kioo nacho kinapendwa kuliko kinavyostahili. Mwaka 2017 watafiti nchini Uholanzi walichapisha kazi iliyolinganisha jinsi watu wanavyovitathmini vifungashio vya aina mbalimbali na jinsi vifungashio hivyo vinavyotokea pale athari zake zinapokokotolewa kuanzia uchimbaji wa malighafi hadi utupaji. Kioo kilikuwa miongoni mwa vile vilivyopewa alama za juu na watu, lakini ukokotoaji ulikiweka miongoni mwa vizito zaidi kwa mazingira. Sababu yake si fumbo. Kioo huyeyushwa kwenye tanuri lenye joto la takriban nyuzi 1,500 za Selsiasi, na kwa kuwa ni kizito, kila safari yake hutumia mafuta mengi zaidi kuliko safari ya kifungashio chepesi. Chupa ya kioo inayorudi kiwandani, ikaoshwa na kujazwa tena mara nyingi, ina hesabu nyingine kabisa, na mkono wa mnunuzi hauwezi kuitofautisha na chupa itakayotumika mara moja na kuvunjwa. Zote mbili ni baridi, nzito na safi, na zote mbili zinatupa hisia ileile ya kitu chenye heshima.

Mfuko wa pamba ndio unaonisumbua zaidi, kwa sababu ninao mwenyewe na kwa miaka mingi niliubeba kwa fahari. Mwaka 2011 mamlaka ya mazingira ya Uingereza ilichapisha tathmini iliyoonyesha kwamba mfuko wa pamba unapaswa kutumika mara 131 ili athari yake kwa tabianchi ishuke chini ya ile ya mfuko mwepesi wa plastiki uliotumika mara moja tu, ilhali mfuko wa karatasi ungehitaji kutumika mara 3. Mwaka 2018 mamlaka ya mazingira ya Denmark ilichapisha tathmini yake, na humo mfuko wa pamba ya kawaida ulihitaji kutumika mara 52 kwa kipimo cha tabianchi peke yake, na mara 7,100 ikiwa vipimo vyote vya mazingira vitazingatiwa. Kwa pamba ya kilimo hai, ambayo wengi wetu tungeichukua bila kusita, hesabu zilikuwa mara 149 na mara 20,000. Mtu anayeutumia mfuko huo kila siku bila kukosa angehitaji zaidi ya miaka 54 kufikisha idadi hiyo ya mwisho. Idadi hiyo kubwa ilipandishwa na kipimo kimoja, cha athari kwa tabaka la ozoni, na pamba ya kilimo hai ilionekana nzito zaidi kwa sababu ilikadiriwa kutoa mavuno machache kwa eneo lilelile la shamba.

Takwimu hizi zimetumiwa vibaya na watu wanaotaka kusema kwamba juhudi zote ni bure, nami sikubaliani nao hata kidogo. Tathmini ya Denmark haikuhesabu madhara ya mfuko unaotupwa ovyo ukaishia mtoni au baharini, na hapo ndipo plastiki inapodhuru kwa namna ambayo pamba haiwezi: pamba huoza, na plastiki humeguka tu kuwa vipande vidogo na vidogo zaidi. Ninachojifunza humo ni kwamba malighafi iliyogharimu maji mengi, mbolea nyingi na nishati nyingi inadai kutumika sana, na kwamba mifuko kumi ya pamba iliyokunjwa ndani ya kabati ni mzigo mkubwa kuliko tunavyotaka kukiri. Tunapokea mfuko mwingine kwenye kila mkutano na kila semina, tukidhani kwamba kuwa nao ndiko kuhifadhi mazingira. Mfuko ambao haujatoka kabatini haujahifadhi kitu chochote.

Rangi ya kaki nayo imekuwa kama kiapo. Karatasi ya rangi hiyo kwa kawaida ni karatasi ambayo haikupaushwa kwa kemikali, na jambo hilo ni jema kwa upande wake, lakini rangi haisemi chochote kuhusu kama nyuzi zake zimerejelezwa au zimetoka kwenye mti uliokatwa juzi. Karatasi nyeupe inaweza kuwa imerejelezwa yote, na boksi la kaki linaweza kuwa la nyuzi mpya tupu. Vivyo hivyo kwa uso usiong'aa, kwa kamba ya katani iliyofungwa shingoni mwa chupa, na kwa maandishi yanayofanana na mwandiko wa mkono. Hizi ni lugha tulizofundishwa kidogo kidogo na matangazo, na sasa tunazielewa haraka kuliko tunavyosoma maneno.

Nguo zinazoitwa za mwanzi zinaonyesha umbali ambao lugha hiyo inaweza kutupeleka. Mwanzi hukua haraka, hauhitaji kupandwa upya kila unapovunwa, na picha yake kwenye lebo inatosha kumshawishi mnunuzi. Hata hivyo nguo nyingi laini za aina hiyo ni reyoni: mwanzi husagwa, rojo lake huyeyushwa kwa hidroksidi ya sodiamu na kaboni disulfidi, kisha husukumwa kupitia vitundu vidogo na kugeuka nyuzi mpya ambazo hazina tofauti kubwa na reyoni iliyotoka kwenye mti mwingine wowote. Kaboni disulfidi ni sumu inayodhuru mishipa ya fahamu ya wafanyakazi wasiolindwa vizuri. Mwaka 2009 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani, FTC, ilizifungulia mashtaka kampuni kadhaa zilizouza reyoni kwa jina la mwanzi. Wahenga waliposema ukiona vyaelea, vimeundwa, walitukumbusha kuuliza juu ya mkono wa fundi. Kwa nguo hizi inafaa kuuliza pia juu ya dawa alizotumia, na nani alizivuta puani.

Kuna upande mwingine wa jambo hili ambao wauzaji wanaufahamu vizuri kuliko wanavyousema. Neno endelevu halileti sifa nzuri peke yake. Linaleta pia shaka. Mwaka 2010 Michael Luchs na wenzake walichapisha mfululizo wa majaribio yaliyoonyesha kwamba watu huuhusisha uendelevu na upole. Pale bidhaa inapotakiwa kuwa ya upole, kama vile shampuu ya mtoto, sifa hiyo inaisaidia. Pale inapotakiwa kuwa na nguvu, kama vile tairi la gari, sifa hiyohiyo inaipunguzia wateja. Katika jaribio lao mojawapo waliwawekea watu vitakasa mikono vya aina mbili, na wale waliojua kwamba wanatazamwa walielekea zaidi kuchukua kile cha kijani, yaani kilicho rafiki kwa mazingira, kuliko wale waliodhani hawaonekani. Nilipousoma utafiti huo niliikumbuka sabuni yangu ya kufulia, ambayo niliichagua kwa sababu ya maandishi yake ya kijani na ambayo nimekuwa nikiimimina kwa wingi kupita kipimo kilichochorwa kwenye kifuniko. Ying-Ching Lin na Chiu-chi Angela Chang walionyesha mwaka 2012 kwamba ndivyo tunavyofanya: tukiamini kwamba bidhaa ya kijani ni dhaifu, tunaitumia kwa wingi zaidi ili kufidia, na hasa wale wanaojali mazingira ndio wanaofanya hivyo. Kwa hiyo dhana yetu juu ya malighafi inaweza kuyafuta manufaa ya malighafi yenyewe.

George Newman, Margarita Gorlin na Ravi Dhar waliongeza mwaka 2014 jambo ambalo lilinihuzunisha kidogo. Waliona kwamba bidhaa iliyoboreshwa kwa makusudi ili iwe rafiki kwa mazingira ilivutia wanunuzi wachache kuliko bidhaa hiyohiyo ilipoelezwa kwamba manufaa yake kwa mazingira yalijitokeza tu bila kukusudiwa. Mnunuzi anapoambiwa kwamba kiwanda kimehangaikia mazingira, anadhani kimeacha kuhangaikia ubora. Ninaielewa hofu hiyo, kwa kuwa pesa za mtu wa kawaida hazina nafasi ya majaribio, lakini ni hofu inayowaadhibu wale wanaofanya kazi kwa nia njema, na inawafundisha wengine kuficha wema wao au kuuzungumzia kwa maneno matamu yasiyo na uzito.

Malighafi zilizorejelezwa zina tatizo lao la pekee, nalo ni kumbukumbu. Plastiki ya chupa inaweza kuoshwa, kukatwakatwa, kuyeyushwa na kusokotwa kuwa uzi wa poliesta ulio safi kabisa, na bado mtu akiambiwa kwamba fulana hiyo ilikuwa chupa zilizookotwa, ngozi yake inasisimka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 kuhusu nguo zilizotengenezwa kwa chupa za plastiki ulikuta hisia hiyo ya kinyaa, nami nimeishuhudia: rafiki yangu aliyeusifu mkoba wa plastiki iliyorejelezwa alikataa papo hapo kununua soksi za malighafi ileile. Akilini mwake mkoba ulikuwa umbali salama, na soksi zilikuwa mwilini.

Hata hivyo kumbukumbu hiyohiyo inaweza kugeuka kuwa thamani. Bernadette Kamleitner, Carina Thürridl na Brett Martin walionyesha mwaka 2019 kwamba watu huvutiwa zaidi na bidhaa iliyotengenezwa kwa kitu cha zamani pale wanapoelezwa wazi kilikuwa nini hapo awali, kwa sababu wanahisi wanashika kitu chenye historia yake. Mkoba uliokuwa turubai la lori, lenye mikunjo yake na namba iliyofifia, una mvuto ambao mkoba mpya wa plastiki hauna. Karen Winterich na wenzake, mwaka huohuo, walikuta kwamba watu wakionyeshwa kile ambacho taka zao zitageuka, wanakuwa tayari zaidi kuzitenga kwa ajili ya urejelezaji. Naona hapa funzo kubwa kwa watengenezaji: neno "imerejelezwa", likikaa peke yake kwenye lebo, linaiacha akili ya mnunuzi ijaze nafasi iliyo wazi kwa taka, lakini sentensi moja inayotaja kitu halisi, kilikuwa nini na kimegeuzwaje, inaijaza nafasi hiyo kwa jambo ambalo mtu anaweza kulipenda.

Mara nyingi nasikia ikisemwa kwamba wanunuzi ni wanafiki. Katherine White, David Hardisty na Rishad Habib waliandika mwaka 2019 katika Harvard Business Review kuhusu uchunguzi ambamo asilimia 65 ya watu walisema wanataka kununua bidhaa zinazohimiza uendelevu, na ni takriban asilimia 26 tu waliofanya hivyo. Pengo hilo lipo na halifai kufichwa. Lakini siliiti unafiki. Mtu anapojibu dodoso ameketi, hana haraka, na ameulizwa jambo moja tu. Mtu huyohuyo akiwa mbele ya rafu anajiuliza mambo kumi kwa wakati mmoja: bei, ukubwa, kama kitu kitadumu, kama kitawapendeza wa nyumbani, kama ile lebo ni ya kuaminika, na kama muda unatosha. Uendelevu ni sifa isiyoonekana wala kuonjwa. Uimara atauona baada ya mwezi na uzuri anauona sasa hivi, lakini gesijoto iliyopungua mahali fulani hataiona kamwe; anaombwa kuamini, na anaombwa kuamini na mtu anayetaka pesa zake.

Ndiyo maana macho ya wengine yana nguvu kubwa kiasi hiki katika jambo hili. Vladas Griskevicius na wenzake walionyesha mwaka 2010 kwamba watu wakichochewa kufikiria hadhi yao, huvutiwa zaidi na bidhaa za kijani hasa wanaponunua mbele za watu na hasa bidhaa hizo zinapokuwa ghali kuliko zile za kawaida. Sioni aibu katika hilo. Binadamu tumeishi kwa kutazamana tangu zamani, na nia isiyo safi kabisa bado inaweza kununua kitu kizuri. Wasiwasi wangu ni kwamba hadhi hupenda vitu vipya vinavyoonekana, na kile kinachookoa malighafi nyingi zaidi, yaani kuendelea kutumia kitu cha zamani ambacho bado kizima, hakionekani na mtu yeyote.

Zaidi ya hayo, ahadi ya urejelezaji hutufungulia mkono. Jesse Catlin na Yitong Wang waliripoti mwaka 2013 kwamba watu waliopewa mkasi waujaribu kwa kukata karatasi walitumia karatasi nyingi zaidi pipa la kurejeleza lilipokuwepo kuliko lilipokosekana, na kwamba matumizi ya karatasi za kufutia mikono yaliongezeka chooni baada ya pipa kama hilo kuwekwa. Tukijua kwamba kitu kitapata maisha mengine, tunakitendea kana kwamba hakigharimu chochote. Ilhali kati ya takriban tani bilioni 6.3 za taka za plastiki zilizokuwa zimezalishwa duniani hadi mwaka 2015, ni takriban asilimia 9 tu zilizorejelezwa, kwa mujibu wa makadirio ya Roland Geyer, Jenna Jambeck na Kara Lavender Law yaliyochapishwa mwaka 2017.

Lebo zingeweza kutusaidia, na baadhi yake zinasaidia kweli. Nembo ya Blauer Engel, inayotambulisha bidhaa zilizo rafiki zaidi kwa mazingira, ilianzishwa Ujerumani mwaka 1978 na ndiyo ya kwanza ya aina yake duniani. Baraza la FSC, linaloidhinisha mbao na karatasi, lilianzishwa mwaka 1993. Kiwango cha GOTS kinahesabu nyuzi za kilimo hai ndani ya nguo. Lakini hata hizi zinadai msomaji makini. GOTS ina daraja mbili, moja inayodai nyuzi za kilimo hai zisizopungua asilimia 95 na nyingine asilimia 70, na FSC hutofautisha bidhaa iliyotoka yote kwenye misitu iliyoidhinishwa na ile iliyochanganywa. Tofauti hizo zimeandikwa kwa maneno madogo chini ya nembo ileile ambayo jicho linaitambua kwa mbali na kuridhika nayo.

Pembetatu ya mishale ndiyo inayoniuma zaidi. Gary Anderson, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani, aliichora mwaka 1970 kwa ajili ya shindano, na ikawa alama nzuri ya tumaini la kizazi kizima. Mwaka 1988 wenye viwanda vya plastiki waliweka namba kuanzia 1 hadi 7 ndani ya mishale ya namna hiyo, ili kutaja aina ya plastiki iliyotumika. Namba hizo hazikuahidi kwamba kitu kitarejelezwa, wala kwamba kinaweza kurejelezwa mahali mnunuzi anapoishi, lakini mamilioni ya watu walisoma ahadi hiyo na wakaiamini. Mwaka 2013 kiwango kilibadilishwa ili mishale iondolewe na ibaki pembetatu ya kawaida. Vifungashio vyenye mishale bado vimo mikononi mwetu. Neno linalosema kwamba kitu kinaoza na kuwa mboji nalo lina mtego wake, kwa kuwa plastiki ya PLA, inayotengenezwa kwa wanga wa mimea, huhitaji joto la karibu nyuzi 60 la mitambo maalumu ya kutengeneza mboji. Ikitupwa baharini au kwenye shimo la taka hukaa miaka mingi kama plastiki nyingine.

Tume ya Ulaya ilipochunguza madai ya kimazingira mwaka 2020, ilikuta kwamba asilimia 53 yalikuwa ya jumlajumla, ya kupotosha au yasiyo na msingi, na asilimia 40 hayakuwa na ushahidi wowote. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha maelekezo namba 2024/825, yanayoanza kutumika tarehe 27 Septemba 2026, ambayo yanakataza maneno kama rafiki kwa mazingira pale muuzaji anaposhindwa kuthibitisha ubora unaotambulika. Naliunga mkono jambo hili kwa moyo wote. Mnunuzi aliyedanganywa mara mbili huacha kumwamini hata mkweli, na hasara hiyo humwangukia mtengenezaji mdogo anayelipa zaidi ili apate pamba safi au mbao halali, kisha anakuta neno lake limechakazwa na wengine.

Hivi karibuni mdogo wangu aliniletea mkoba aliotaka kuununua, akaniuliza, "Dada, hii wanasema ni ngozi ya kijani. Ni ngozi kweli?" Tuliufungua pamoja chini ya taa. Kibandiko kilichoshonwa ndani ya mfuko mdogo kilisema ni poliyurethani juu ya kitambaa cha poliesta, maana yake plastiki juu ya plastiki. Hakuna mnyama aliyechinjwa kwa ajili yake, na kwa mtu anayelijali hilo ni sababu ya kweli na ya heshima. Lakini nilimwonyesha pale mpini unapokunjwa, nikamweleza kwamba tabaka la poliyurethani hudhoofishwa na unyevu na miaka, likaanza kupasuka na kubanduka hapohapo penye mkunjo, na kwamba hakuna fundi anayeweza kulirudisha. Hata ngozi zinazotokana na nyuzi za majani ya mananasi mara nyingi huunganishwa na kupakwa resini za plastiki ili zistahimili maji. Aliufikiria kwa muda, akaniuliza swali ambalo lilinipendeza kuliko yote niliyosoma: "Sasa huu wangu wa zamani una tatizo gani?" Ulikuwa umeharibika zipu. Tulibadilisha zipu.

Siku hizi, kabla sijalipa, nageuza kitu na kusoma nyuma kwanza, natafuta mahali kitakapochakaa, na najiuliza kama naweza kukifungua na kukitengeneza. Mwanzi sijauacha. Mswaki wangu wa sasa ni wa mwanzi pia, ila nimejifunza kuukausha na kuulaza mbali na maji, na mpini bado mweupe.

Na ule mfuko wa pamba nimeuanzishia hesabu. Ndani ya pindo lake, mahali pasipoonekana, nimekuwa nikiweka alama ndogo ya kalamu ya wino kila ninapotoka nao, tano kwa tano ili nisipotee, na tangu nianze nimekataa mifuko mitatu mipya niliyopewa bure. Niliivuka ile 131 ya Uingereza miezi kadhaa iliyopita. Jana alama zilifika 212, na mshono wa mpini wa kushoto umeanza kuachia. Uzi na sindano viko mezani.